Sufuria ndogo ya baba

Mujukuu wangu Mireille,

Jambo sana huko Kinshasa. Hapa Katuba mvua imeanza. Dada yako alipata kazi kwenye mugodi wa Kinsevere, akahama, ninabakia mimi na redio.

Unaniuliza: «Kambo, unajua chumvi iko mubaya, sasa tension yako ya damu imepanda tena juu ya nini?»

Baba yangu alikuwa na ugonjwa huo huo. Infirmier wa hospitali alimukataza chumvi, mama akamupikia mboga yake ya sombe katika sufuria ndogo. Alikula kwenye meza, peke yake. Sisi wote tulizunguka sahani moja ya bukari ya mahindi, chini. Siku ya tatu aliacha chakula chake, akakuja kukaa katikati yetu, akachovya mboga yetu ya chumvi. Kesho yake mama alipika sufuria moja, bila chumvi. Sisi batoto tulikunja sura. Baba akamaliza sahani.

Miaka yote nilizani alikuwa na hamu ya chumvi.

Mimi pia napikaka bila chumvi, mujukuu. Kisha naacha sombe inapoa juu ya mbabula ya makaa, naenda kukula kwa jirani, mama ya mapacha. Kwake banatiaka chumvi mingi, lakini beko bantu saba kwenye sahani moja.

Infirmière wangu sikumuambia hiyo. Nakuambia wewe.

Kambo wako