Picha Uliyowaonyesha Washarika

Morningside, Durban
Jumapili jioni, Oktoba

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu zangu, na Mama umpe zake kabla hujakaa kuisoma hii. Goti linaendeleaje? Na tangawizi ya mwaka huu imekubali, au mvua imewachezea tena? Sisi huku miili ni mizima. Clara anakua. Anachanganya Kizulu na Kirundi ndani ya sentensi moja, na Kiswahili chake ni cha mama yake Goreth, kila kitu "iko", "iko". Ungemsikia ungecheka hadi miwani ianguke.

Barua hii anakuletea Sultan, yule mfanyabiashara wa Tanga niliyewahi kukutajia. Anakwenda Dar kufuata mzigo, na ataikabidhi kwa watu wa basi la Same. Najua utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Nimejaribu, Baba. Kila nikisikia sauti yako ikinipongeza, nakubali tu na kushukuru. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza kwa sifa.

Nianze na sherehe yenyewe. Huku Septemba ndipo baridi inapokwisha, na watu wa mjini hufurahi kama waliofunguliwa mlango. Miti inatoa maua, na kila mtaa unakuwa na jambo lake bustanini: huku soko la miche, kule mbio za kina mama, pengine bendi ya wanafunzi. Mtaa wetu nao ulipanga siku moja ya kukaribisha machipuko. Kwa kuwa nasema Kizulu vizuri, waliniweka kwenye kamati. Nilivimba kichwa, sikufichi. Mimi mshona magodoro wa kiwandani Pinetown, nakaa meza moja na mwanasheria na mwalimu mkuu, na wananiuliza naonaje.

Mimi ndiye niliyetoa wazo kwamba wageni nasi tuwe na meza yetu ya chakula, watu watuonje watuzoee. Wakapiga makofi. Lakini wa kupika alikuwa Goreth, na Goreth hakutaka. Mwaka jana dada yake alivunjiwa kibanda chake mjini na watu wanaopita wakisema wageni warudi kwao. Aliniambia, "Papa Clara, kule iko watu wengi. Kama iko shida, nani atasimama na miye?" Nikamjibu kwamba nitasimama mimi, pembeni yake, tangu asubuhi mpaka tukunje meza. Nilimwapia. Ndipo akaloweka maharage.

Siku yenyewe ilikuwa nzuri kupita nilivyotegemea. Palikuwa na kuvuta kamba, wazee dhidi ya vijana, na wazee wakashinda. Palikuwa na maonyesho ya mbwa, Baba, mbwa waliofungwa utepe shingoni wakitembezwa kama mabibi harusi, na mmoja akamlamba mwamuzi usoni. Clara alikuwa na jirani yetu Glody, Mkongo mmoja mcheshi, wakipanga foleni ya kuchorwa uso. Ndizi na maharage ya Goreth yalipendwa hadi watu wakarudi mara ya pili. Kwenye meza ya jirani alikuwa MaMkhize, mjane wa Kizulu wa mtaa wetu, akiuza miche ya nyanya na spinachi. Yeye na Goreth walikuwa wakitaniana asubuhi nzima, kila mmoja kwa lugha yake.

Mchana wakaja. Lilikuwa kundi la wanaume na wanawake, wakiimba, baadhi na fimbo mikononi. Hawakuwa watu wa mtaa wetu. Waliingia bustanini wakawa wanapita meza kwa meza, wakidai vitambulisho. Bendi ikanyamaza. Watu wengine walichukua watoto wao wakaanza kuondoka.

Picha unayoijua wewe, ile uliyowaonyesha washarika, inanionyesha mimi nimevaa aproni mbele ya meza, Goreth amenishika shati analia, na maneno chini yake yanasema huyu ndiye aliyemkinga mkewe. Mama aliniambia kwamba ulisimama baada ya mahubiri ukamshukuru Mungu kwa mwana jasiri, na kanisa zima likapiga makofi.

Baba, ile picha ilipigwa baada ya mambo kwisha. Sikiliza yaliyotangulia.

Nilikuwa nimesimama hatua chache mbele ya meza. Mwanamume mmoja akaniwekea mkono begani, akaniuliza kwa Kizulu kama meza ile ni yangu, na yule mwanamke ni nani. Nikamjibu kwa Kizulu safi kabisa kwamba simjui. Nikasema nimekuja kuangalia mbwa. Akacheka, akasema, "Sharp, kaka," yaani sawa. Na mimi nikacheka naye. Kisha nikatembea, sikukimbia, nikatembea kama mtu anayekwenda dukani, nikafika kwenye taa za barabarani, wanazoziita robot, nikangoja iwe kijani, nikavuka. Mke wangu na mtoto wangu niliwaacha ng'ambo.

Aliyebaki ni MaMkhize. Aliacha miche yake, akachukua aproni ya Goreth, akaivaa, akakaa kwenye kiti cha Goreth. Akawaambia wale watu kwamba meza ni yake, na huyu ni mkwe wake, na anayetaka kumgusa aanze na yeye. Wakamtukana. Hakuinuka. Mwalimu mkuu akaja akasimama nyuma yake, wakaja wazee wa kamba, wakaja hata wenye mbwa. Kundi likazomea kidogo, likaondoka.

Mimi nilirudi nilipoona wametoka. MaMkhize alinivalisha ile aproni akaenda kunywa maji. Goreth akanishika shati. Glody akapiga picha, ndiyo hiyo iliyosambaa kwa simu hadi ikakufikia. Nikamwambia Goreth kwamba nilikuwa nimekimbilia polisi. Sikuwa nimeita polisi.

Nimeishi na uongo huo wiki kadhaa, huku watu wa kwetu wakinipa mkono kila mahali. Alhamisi nilishindwa. Nilimkalisha Goreth jikoni nikamwambia yote. Hakushtuka. Aliendelea kuchambua mchele, akasema, "Nilisikia. Nilikuwa nyuma yako, na sahani mkononi. Kizulu cha 'simjui' nakijua." Nikamwuliza basi kwa nini alimwachia Glody aandike yale maneno. Akasema ni yeye aliyemwambia ayaandike, ili Clara akikua asimwone baba yake kama alivyomwona yeye siku ile. Kuhusu mimi, alikuwa akingoja nitamke mwenyewe.

Hajanifukuza. Chakula ananiwekea. Ila tangu siku ya bustani ananiita Gadiel, si Papa Clara tena, na mimi mpumbavu sikuwa nimeona.

Juzi nilikwenda kwa MaMkhize kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Eish, mwanangu." Akaniambia kwamba yeye naye aliogopa, miguu ilikuwa ikimtetemeka, ndiyo maana alikaa. Maneno hayo yameniumiza kuliko kama angenipiga kofi. Nilikuwa nimejifariji kwamba yeye hakuwa na woga, ni mwenyeji, kwake ilikuwa rahisi.

Sasa naomba jambo moja, Baba, na najua ni zito kwa mwinjilisti mbele ya washarika wake. Simama tena pale uliposimama. Waambie mwanao alimkana mkewe, na aliyemkinga anaitwa MaMkhize, mwuza miche. Usiseme shetani alinipitia. Nilijua ninachosema, na maneno niliyachagua mwenyewe. Kama aibu itakuwa kubwa kwako, wasomee barua hii kama ilivyo, uso wako usihusike.

Wasalimie wote nyumbani, na kaka Aloys na familia yake. Goreth nilimwuliza kama niandike salamu zake. Amesema zake atakuletea mwenyewe kwa simu, utakapokuwa umeshasoma.

Ni mimi mwanao, ikiwa bado unaniita hivyo,

Gadiel