Mzee Aliyehama Kiti Kando Yangu

Kwa Mama yangu, kijijini Kuluba,

Salamu nyingi kutoka huku Uingereza kwenye baridi. Mimi ni mzima, na kazi ya usafi hospitalini nimeianza. Magoti namna gani sasa? Mihogo mmeng'oa? Kaka Modi, wewe unayemsomea Mama, soma yote, usiruke hata neno.

Mama, ndani ya ndege nilipewa kiti cha dirishani. Kiti cha katikati kilikuwa kitupu, na cha mwisho alikaa mzee mmoja Mkenya, wa suti. Tulisalimiana vizuri, hata akanionyesha kufunga mkanda. Ndege ilipotulia angani tu, akabeba koti lake akahamia nyuma. Hakuaga! Nikasema, kumbe hata huku juu habari zetu zimefika.

Maana tangu shangazi afariki, siku mbili baada ya kula kwako, watu wanasema ulimtilia sumu, na nilikuwa nakuona kanisani. Benchi zima uko peke yako, na wanawake wenzako wanabanana benchi la nyuma. Mwaka mzima nilinyamaza. Siku hiyo nikakataa. Nikamfuata yule mzee, nikamwuliza mbele ya watu wote, "Mimi nimekufanyia nini? Sumu iko wapi mkononi mwangu?"

Maskini, alishtuka mpaka akamwaga chai. "Sumu gani, binti? Kiti cha nyuma kikiwa kitupu mtu anahama, mwenzake apate nafasi ya kupumzika. Ndiyo heshima ya ndegeni. Nenda ukalale."

Aibu niliyoona! Lakini nilirudi, nikajilaza juu ya viti vyote vitatu kama mke wa jenerali, nikakoroma.

Sasa sikia, Mama. Shangazi alikuwa akiugua tangu turudi kutoka Zaire, na wote wanajua. Sitaki tena kusikia umejikunyata pembeni. Jumapili kaa katikati ya benchi. Weka kitenge kulia, kitabu cha nyimbo kushoto, unyooshe miguu. Anayetaka kukaa akuombe umsogezee.

Msalimie mjomba, fundi baiskeli wa kule Oraba, na bibi muuza karanga. Wale wa benchi la nyuma pia wasalimie, waulize kama wanapata pumzi. Nikirudi, chakula cha kwanza utanipikia wewe, na nitakula nje, mlangoni, wakiniona.

Ni mimi binti yako, niliyekula kwako miaka ishirini na mbili, na bado niko hai,

Kiden