Baba Atakayesimama na Haron

Kangemi, Nairobi
20 Julai 2008

Mpendwa mdogo wangu Lenox,

Pokea salamu nyingi. Hujambo, na mgongo wa mama unaendeleaje? Mimi ni mzima, ila miguu inawasha kwa kushinda majini.

Siku hizi tunazoa takataka mtoni. Ni kamto tu, ukiruka vizuri umevuka. Huku Kangemi kamebanwa na vyumba vya mabati, na mtu akimwaga maji ya vyombo dirishani yanatuangukia kichwani. Wiki iliyopita tulishuka nako hadi Spring Valley. Huko kanapita nyuma ya kuta ndefu, na mbwa wa watu wanatubwekea tukiokota uchafu wetu wenyewe.

Barua ya mwanangu Haron nimeipata. Aliandika, "Baba amekubali kusimama na mimi nikitahiriwa." Lenox, nilifurahi, nikidhani baba huyo ni mimi! Nilimkimbilia msimamizi wetu, Kiarie, nikaomba siku nne mwezi wa nane. Akacheka, "Buda, kwani unarudi kukatwa mara ya pili?" Akasema atafikiria.

Kisha nikageuza karatasi. Nyuma kulikuwa na haya: "Baba anasema usijisumbue kuja, utapoteza kazi." Hapo ndipo nilipojua kwamba baba ni wewe.

Desturi naijua. Hata sisi tulimwita baba mdogo "baba", na hakuna aliyeumia. Au baba aliumia, hatukumuuliza. Umemlea Haron miaka sita, umemfundisha kukamua na kulima, nakushukuru. Lakini nakuonea wivu, sikufichi. Nikijaza wilbaro nakuona wewe alfajiri kwetu Bungoma, mwanangu akitoka mtoni amepakwa tope tayari kwa kisu, macho yake yakikutafuta wewe. Mimi niko kwenye tope mwaka mzima, na hilo moja unataka kuninyima?

Nakuja. Kiarie akimpa mtu mwingine wilbaro yangu, basi, ampe. Mtoto asitoke mtoni kabla sijafika. Pale uani atakapotahiriwa simama kando ukitaka, ila mbele yake nitasimama mimi.

Nisalimie mama, mke wangu Everlyn, na shemeji Nanyama. Mungu awafunike nyote, amtie Haron ujasiri asipepese macho. Mwambie baba yake anakuja. Akiuliza yupi, usicheke. Mtajie jina langu.

Kaka yako akupendaye na kukuonea wivu,
Norman