Mkono Unaoandika Una Masikio

Kenton, London
21 Juni 2025

Dada yangu Thuweba,

Naanza na salamu, maana nakujua: barua isiyo na salamu unaitupa hata kabla hujaisoma. Hujambo wewe? Abrar hajambo? Sisi huku wazima, ila joto limetuingilia. Digrii thelathini na tatu! Watu wamelala bustanini kama nguo zilizoanikwa. Mjukuu wangu Amir ameninunulia feni kule Wembley, akaipakata kwenye basi mpaka nyumbani.

Sasa niambie ukweli. Habari za huko Mukalla ninazoziona kwenye simu ya Amir si nzuri. Umeme hakuna, watu wanachoma matairi barabarani. Mimi nawaza kitu kimoja tu, dawa yenu ya sukari. Nyinyi wawili, bibi na mjukuu, mnaishi kwa sindano ya insulini, na insulini haitaki joto. Mnaiweka wapi?

Nimeamua kukuandikia kwa herufi za Kiarabu za chuoni, zile tulizochapiwa bakora Pangani mpaka zikatukaa. Kwenye simu husikii, na hata ukisikia unajibu "salama, salama" tu. Amir atapiga picha karatasi hii na kuituma kwa simu ya Abrar. Kiswahili anakielewa, lakini mwandiko huu kwake ni minyoo. Anacheka. Nijibu, Dada, na usinijibu salama.

Mdogo wako,
Sauda


Mukalla
29 Juni 2025

Mdogo wangu Sauda,

Salama, na ununue ugomvi. Wote salama. Digrii thelathini na tatu ndiyo ukaiandikia barua? Sisi ikifika hapo tunatafuta shuka.

Utaona mwandiko si wangu. Mtoto wa jicho amenitia ukungu macho yote mawili, herufi sizioni tena, kwa hiyo natamka na Abrar anaandika. Na barua zako ananisomea sikioni kwa sauti ya mwadhini. Ni kichekesho. Herufi anazijua kuliko mimi, lakini hajui anachoandika, kwani Kiswahili chake ni cha kuitwa tu: njoo, haraka, wapi. Nikitamka "dawa" au "sukari" anainua kichwa, maana hayo ni maneno ya Kiarabu, ya Baba yetu, na wao wanayo. Nikitamka "mwiko" anaandika tu kama karani wa mahakama. Jana aliniuliza "mjukuu" ndiyo nani. Nikamwambia ni wewe. Sasa neno hilo analikoleza wino.

Umeme unakuja kwa saa mbili, unakatika saa kumi. Friji nimeigeuza kabati la vikombe. Sauda, mafuta yanachimbwa mkoa huu huu, tunayakanyaga, na mashine za umeme zimelala kwa kukosa dizeli. Bandari ya mafuta imesimama kwa ajili ya vita. Kisima cha mtaa kilifukiwa na mafuriko, na mwaka huu hata wingu hatujaliona. Mwanangu, babake Abrar, alifundisha shule mpaka mshahara ukasahau njia ya kuja. Sasa anaendesha lori Saudia, na anachotuletea zaidi ni salamu. Tangu mama wa mtoto afariki, nyumba ni mimi na Abrar.

Dawa tunaiweka mtungini. Chungu ndani ya chungu, katikati mchanga tunaoumwagilia maji, juu gunia bichi. Inapoa vizuri. Usijitie presha.

Dada yako,
Thuweba


Kenton, London
8 Julai 2025

Dada,

Shikamoo, na nimekasirika. Mtungi ni wa maji ya kunywa! Nilikwenda kwa Kanti, yule Mhindi wa Tanga mwenye duka la dawa hapa Kenton Road, nikamweleza. Akavua miwani. "Mama Sauda, mtungi si mbaya, babu zetu hawakuwa wajinga. Lakini chupa zikiisha wanapata wapi?" Nikamwambia huko maduka yanauza zilizopikwa na jua. Akaanza kutafuta namba kwenye simu yake.

Mimi mwenyewe siwezi kuinunua, insulini hapa si karanga, lazima karatasi ya daktari. Ila Kanti anawafahamu madaktari wa Kiyemeni wa hapa London wanaopeleka dawa kwao. Mmoja anakuja Mukalla kwa ndege kupitia Cairo. Amekubali kubeba sanduku lenu, na barafu ndani.

Kwa hiyo nijibu kitu kimoja: zimebaki ngapi? Usinizungushe. Nimefungua friji yangu asubuhi kutoa maziwa, taa ikawaka, nikaona haya. Nimesimama pale mpaka mlango ukaanza kulia.

Mdogo wako,
Sauda


Mukalla
30 Julai 2025

Mdogo wangu,

Salama sote. Usinune kwa wiki tatu za kimya, simu ilikufa na haikupata umeme wa kuifufua. Leo Abrar ameipeleka kwa jirani mwenye sola. Barua yako alinisomea mara mbili. Msalimie Kanti, mwambie Tanga ilikuwa na watu.

Hapa nageuza ulimi. Nitasema kama Mama alivyosema jikoni, yale ya Kibondei na ya mashambani, niyaache maneno ya Baba. Mkono unaoandika una masikio. Wewe utanielewa.

Yale maji ya kujichoma yamebaki kichupa kimoja, na kingine kinaelekea mwisho. Mimi nimeacha kujichoma tangu mwezi ulipoandama. Yote nampa yeye. Jua likichomoza naingia chumbani, nafunga mlango, nakaa kidogo, natoka nikijisugua paja. Akiuliza naitikia kwa kichwa. Yeye akikosa siku tatu hainuki tena. Mimi mkongwe nitajikokota. Miguu imevimba, kidole gumba cha kushoto kimeanza kuwa cheusi, na kiu haiishi hata ninywe kisima. Nimeona mengi, Sauda. Nimezaa, nimezika, nimecheka sana. Yeye ana miaka kumi na mitatu.

Ungemwona! Anaandika haya yote kwa mkono wake mwenyewe, ulimi umetoka nje kama wewe ulipokuwa ukishona. Mara anatua, ananitazama, anangoja niendelee.

Niapie kwa Mama: hutamwandikia mtoto huyu, wala hutampa mtu amwandikie.

Dada yako,
Thuweba


Kenton, London
31 Julai 2025

Dada Thuweba,

Shikamoo. Nimelia, nimekutukana, nimekunywa chai, sasa naandika. Amir ameniuliza, "Bibi, what's happened?" Nikamwambia jino.

Nimeapa kwa Mama kama ulivyotaka. Sitamwandikia mtoto, wala sitampa mtu amwandikie. Barua hii ni yako, jina lako liko juu. Kama hapo nyumbani kwenu barua husomwa kwa sauti, hilo mlipanga wenyewe.

Sanduku linaondoka London tarehe sita na kufika kwenu tarehe nane. Kanti amepiga hesabu: hicho kilichobaki kinawatosha wawili, kila mtu dozi yake kamili, kwa wiki mbili. Wiki mbili, Dada. Huna haja ya kufa kwa siku nane. Sitaki ufe. Ulikwenda kuolewa huko mimi nina miaka kumi na miwili, tangu hapo nimekuona mara nne. Sijashiba.

Wewe uliyaacha maneno ya Baba, yale ya Kiarabu. Mimi nayachukua. Msomaji asome polepole.

Bibi. Sukari. Bibi bila dawa. Dawa ya bibi: Abrar. Bibi: siri. Siri, siri. Bibi bila dawa: hatari. Damu: hatari. Bibi: mauti. Hesabu dawa. Dawa ya bibi: bibi. Dawa ya Abrar: Abrar. Daktari. Sanduku, safari. Dawa, sanduku: baada ya tarehe saba. Subira.

Nisamehe au usinisamehe, lakini uwe hai ukiwa umenuna.

Mdogo wako,
Sauda


Kenton, London
9 Agosti 2025

Dada yangu,

Hamjambo? Najua barua ya mwisho mliipata, Amir alinionyesha tiki mbili za buluu. Tangu hapo hamjasema kitu. Nilijua utanuna, nikasema acha anune, sanduku likifika atacheka.

Sanduku halijafika. Ndege ya Cairo kuja kwenu haikuruka jana. Yule daktari amenipigia mwenyewe. Anasema mara uwanja umefungwa, mara ndege haina mafuta, kila anayemuuliza ana lake. Dawa zenu ziko kwenye friji ya hoteli huko Cairo, ameshamhonga mhudumu asizitoe. Vichupa ishirini, Dada, vinakaa karibu na soda za watu.

Hesabu ya Kanti ni mpaka tarehe kumi na nne. Nimemuuliza ikipita hiyo? Akasema, "Mama Sauda, bibi anaweza kuvumilia. Mtoto hawezi." Wewe uliniambia hivyo hivyo, nami nikajifanya nina akili kuliko wewe.

Nijibu hata kwa matusi.

Mdogo wako,
Sauda


Kenton, London
17 Agosti 2025

Dada Thuweba,

Salamu. Sijui naiandika hii kwa nani.

Ndege bado. Daktari alipata ndege ya Oman na gari la kumvusha mpakani, halafu wakasema njia si salama, wanaume wenye bunduki wameweka vizuizi. Amerudi hotelini.

Nimekaa siku tatu nikitafuta maneno ya Baba ya kumwambia Abrar asikupe. Sina. "Gawa" ni ya Mama. "Acha" ni ya Mama. "Pona wewe" ni ya Mama. Kumwogopesha mtoto nilikuwa na maneno chungu nzima, kumzuia sina hata moja. Na namjua bila kumwona. Ni damu yako, hawezi kujichoma yeye huku anakutazama.

Kwa hiyo nimevunja kiapo. Jana nimepanda basi mpaka Wembley, nikamwendea mwuza nyama Msudani, nikamwomba aniandikie Kiarabu kwenye simu: Abrar binti yangu, dawa yote iliyobaki ni yako, chukua yote, bibi yako ndivyo anavyotaka, na mimi ndivyo ninavyotaka. Yule baba alisimamisha foleni nzima akiandika. Alipomaliza hakunitazama, akanifungia na nyama bila kuipima.

Meseji ina tiki moja tu. Mpaka sasa moja. Amir anasema simu ya kule haina chaji, ikipata umeme itaingia. Nimeiweka simu mezani karibu na feni. Mama anisamehe, na wewe unisamehe. Nilikutaka wewe nikamsahau yeye. Hiyo ndiyo kweli yangu, sina nyingine.

Mdogo wako,
Sauda


Mukalla
20 Agosti 2025

Bibi Sauda,

Salama. Bibi salama. Mimi salama.

Mimi hesabu dawa. Dawa nusu bibi, nusu mimi. Bibi hasira. Mimi subira. Bibi, mimi, nusu, nusu.

Leo dawa sifuri.

Sanduku wapi? Haraka.

Mjukuu wako,
Abrar