Mjukuu Wangu Amekwama Ndani ya Kompyuta

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijaitupa kompyuta hii kwenye shamba la miraa. Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Mikinduri, na binti yangu Kananu aliye Kanada amejaliwa mtoto wa pili wa kike, ambaye kwa desturi yetu hupewa jina la upande wa mama, akaitwa Ciakuthii, jina langu, nikalia kwa furaha hata ugali ukaungua, lakini simu yangu ni mulika mwizi, ya tochi tu isiyo na video, na kila tukipigiana video kwenye kompyuta inanguruma, inapata joto kama jiko, picha inaganda, kisha inajizima, na picha za kutumwa nimeziona ila picha haipepesi jicho, na mimi mashine hii naitunza kuliko viti vya sebuleni, nimeifumia kitambaa cha maua kinachoifunika juu hadi chini, na siizimi kamwe kwa sababu kuamka kwake ni muda wa kuivisha githeri ya mahindi makavu. Mume wangu Kiunga, aliyejaza humo video zote za kwaya, anasema, "Hiyo imezeeka, wacha ikufe." Wiki jana nilimwambia Kananu, "Wewe unanificha huyo mtoto," na tangu hapo hajapiga. Mtoto anabatizwa Jumapili. Nifanyeje?

Mama Kananu, Mikinduri

Mama Kananu, hongera kwa kupata wajina. Nimecheka, kisha nikakukasirikia kidogo. Mwalimu mzima unaivisha mashine blanketi halafu unashangaa kwamba ina joto? Kompyuta hupumua kwa vile vitundu vya nyuma na ubavuni, na wewe umeviziba kwa maua. Kitoe hicho kitambaa, ukifue, ukitume Kanada. Huko kuna baridi.

Izime kabisa, chomoa waya ukutani, ipeleke barazani, upanguse vumbi kwenye vitundu kwa brashi laini iliyokauka. Maji hapana, hata kidogo, hata kama mkono unakuwasha. Irudishe mahali pasipobanana na ukuta, na kuanzia leo uizime kila jioni, maana hata wewe ulipofundisha ulikuwa na likizo. Mzee Kiunga ahamishie video zake za kwaya kwenye diski ya nje, ahakikishe zinafunguka huko kabla ya kufuta, kwa sababu mashine iliyojaa pomoni haina pa kugeukia. Wakati wa kuongea na Kananu, funga kila kitu kingine. Ikikaidi bado, kuna mafundi mjini Meru wa kuifungua ndani, si lazima ife.

Sasa hilo la binti yako. Hapo ulikosea, na hakuna brashi ya kosa hilo. Amezaa mbali na mamake, akampa mtoto jina lako, nawe ukamwita mficha watoto. Mpigie leo kwa hiyo mulika mwizi, useme, "Nisamehe, mwanangu," kabla hujataja kompyuta.

Na Jumapili picha ikitulia, usianze kuuliza kama mtoto ananyonya vizuri. Sogea karibu na kamera, tabasamu, unyamaze kidogo. Huyo mtoto naye hajawahi kukuona.