Kisima Kilimuua Mume Wangu, Sasa Jirani Anataka Kutupatia Maji

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana kichwa kimenijaa na hapa nyumbani sina wa kumweleza. Mimi ni mjane. Mume wangu alikuwa seremala, alipostaafu tukahamia shambani, udongo mzuri, shida yetu maji tu, na jirani wa upande wa juu ana kisima kirefu cha pampu, tulikuwa tunachota kwake bila neno hadi yeye na mume wangu walipogombana kuhusu mpaka wa mashamba, mume wangu akaapa mbele ya watu, "Maji ya yule hayaingii tena kinywani mwangu," akaanza kuchimba kisima chake kwa sururu, namwambia amwite kwanza mtu wa kupima kama maji yapo, ananijibu, "Mke wangu, mimi si mtoto," akachimba kiangazi kizima asipate hata unyevu, na asubuhi moja nikiwa naanika nguo nikasikia kishindo, ukuta wa kisima ulikuwa umemwangukia.

Wa kwanza kufika alikuwa jirani huyo huyo. Alishuka kwa kamba, akafukua kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu. Yeye na wengine waliofika wakamtoa mume wangu bado yu hai, akaomba maji, mke wa jirani akakimbia kwake akaleta kikombe cha maji ya kisima chao, akanywa, akakata roho nimempakata.

Sasa mkwe wangu, mke wa mwanangu ninayeishi naye, ana mimba kubwa na anachota maji bwawani, ng'ambo ya kilima, maji ya matope tunayogombania na ng'ombe. Juzi aliteleza na ndoo, akainuka anacheka eti hajaumia, lakini niliona anavyojishika tumbo. Jirani ametuma ujumbe kwamba yuko tayari kutuvutia bomba. Wifi yangu, ambaye siku ile ya msiba kisimani hakuwepo, aliposikia akaniambia, "Ukifungua bomba hilo, umemzika kaka yangu mara ya pili." Nifanyeje, mshauri?

Mjane wa Shambani

Mama, pole sana. Barua yako niliisoma nikaiweka chini, nikatoka nje kidogo kabla ya kukujibu.

Lakini lazima nikukaripie. Mbona umepita haraka hivyo kwenye kile kikombe? Mumeo alimwona aliyekishika, na alikunywa. Ugomvi aliumaliza mwenyewe, mbele ya macho yako. Wifi yako hakuwepo, basi mweleze. Ana uchungu, mwache alie. Akizidi kubisha, mpe ndoo aende bwawani.

Mkwe asibebe maji tena, kuanzia leo. Mwanao ana mabega.

Kubali bomba. Ila familia zote mbili mkae mkubaliane mapema nani anachangia mafuta ya pampu na nani anaitengeneza ikiharibika, maana maneno huanzia hapo. Wekeni pia mifereji kwenye paa na tangi la kukinga mvua, kwa sababu hakuna pampu isiyogoma. Mkitaka kuchimba tena, aje kwanza mpimaji wa maji ya ardhini, na kazi wafanye wenye vifaa. Shimo lile lifukieni kabla halijameza mwingine.

Na kwa jirani nenda mwenyewe, usimtume mtu. Huhitaji hotuba. Mwambie tu, "Nimekuja kuhusu lile bomba." Machozi yakikutoka, yaache yatoke. Yule mwanaume alimtoa mumeo shimoni akiwa bado hai, na tangu siku ile nadhani hakuna aliyemuuliza yeye anaendeleaje. Muulize.