Mama mkwe wa Chepkemboi alijua

Lynn, uko? Nimekasirika sana.

Unajua vile mama mkwe wa sista yangu Chepkemboi husema sista amemlisha bwanake Kimaiyo sumu ya uchawi, ndio miguu yake ikaisha nguvu?

Leo daktari hapa Nakuru ametuambia sote kwamba Kimaiyo alizaliwa na huo ugonjwa. Jeni mbili mbovu, moja ya baba, moja ya mama. Moja bado inafanya kazi kidogo, ndio maana ugonjwa umengoja hadi miaka arobaini.

Mama mkwe akaruka: "Kwetu hakuna!"

Mzee wake akamuuliza, "Na ndugu yako aliyeshindwa kuinuka kitini?"

ALIJUA, Lynn! Alijua, na bado akamwita sista mchawi!

Chepkemboi alimshika bwanake mkono wakateremka ngazi polepole. Yule mama akaita, "Ningojeni!" Sista hakugeuka.